Karamu ya Neno Moja

Tulipowazuru ndugu zetu wa Majengo, mjini Nyeri, tulikuta nyumba moja yanukia mandazi na iliki, na jirani wanaitwa mmoja mmoja. Tukauliza: Je, ni arusi au ni hitima? Tukajibiwa kuwa mtoto wa nyumba ile, mwenye miaka kumi, amesoma neno. Alikuwa na mamake kwenye kituo cha magari, akautazama ubao wa matatu, akasoma peke yake: Karatina.

Mzee mmoja akacheka, akasema: “Mwanangu, wenziwe wamekwisha Juzuu Amma, nawe wapika kwa neno moja? Huku ni kumdanganya mtoto.”

Neno hili lilituingia moyoni, kwani ni swali la haki: Je, yafaa kumsifu mtu kwa jambo ambalo kwa wengine ni dogo?

Mtoto huyu si mvivu wala si mjinga. Mamake humtuma sokoni vitu saba pasi na karatasi, akarudi navyo vyote na chenji kamili. Sura fupi amezihifadhi kwa kusikia. Lakini akifunguliwa kitabu, ba na ta humchanganyikia, na herufi za Kizungu humgeukia. Hali hii huitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika khabari za kijana wa miaka 14, hodari wa hisabu, asiyeweza kusoma maneno mepesi. Mwalimu wake alishuhudia kuwa lau masomo yote yangalikuwa ya mdomo, angaliwashinda wenziwe wote. Basi akili ipo. Kuifungamanisha herufi na sauti yake ndiko kwenye mlima.

Sasa tumjibu mzee wetu. Lau mama angalisema mwanawe amewapita wenziwe, angalisema uwongo, na uwongo haumjengi mtoto. Hakusema hayo. Ameshuhudia kuwa jana hakuweza na leo ameweza, na huo ni ukweli mtupu. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume S.A.W. ametufundisha kuwa aliye mahiri wa Qurani yu pamoja na Malaika watukufu, na aisomaye kwa kubabaika, nayo ni nzito kwake, ana ujira mara mbili. Mahiri hakupunguziwa kitu. Ikiwa Mola huihisabu taabu, sisi ni nani hata tuhisabu natija peke yake?

Wala sisi waalimu hatujitoi katika lawama. Kenya ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001, lakini ulimi ungali ukipiga: “Kichwa kizito!” Mtoto wa namna hii na asomewe kwanza, kisha afuatishe kwa kidole; apewe muda, wala asitahayarishwe mbele ya wenziwe.

Basi, ewe mzazi, usingoje mwanao akhitimu ndipo umfurahie. Huenda asifike huko akikosa furaha ya leo. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.