Siku ya Jua Baada ya Mvua

Wanangu mliofika Clarkston na vitongoji vingine vya Atlanta kutoka Nyarugusu, Uvira, Bukavu na Bujumbura, nawaandikia mapema, kabla miti haijaanza kuchanua. Kwetu tulilelewa tukitazama mbingu ili tujue siku ya kupanda na siku ya kuanika dagaa. Hapa Georgia, tangu mwishoni mwa Februari hadi Mei, itazameni kwa ajili ya vifua vyenu.

Msimu huo miti inatoa chavua, na chavua ndiyo inayowapa watu mafua yasiyoisha, macho mekundu yanayowasha, na wengine pumu. Mwaloni, uliojaa mitaa yote ya huku, hauna ua la kumvutia nyuki. Unategemea upepo uipeleke chavua yake kwa mialoni mingine, na kwa kuwa upepo hauchagui pa kwenda, mti humwaga chembe mamilioni kwa mamilioni ili chache zifike. Chembe hizo hukaa katika vifuko vidogo kwenye mashada yanayoning'inia matawini. Hewa ikiwa na unyevu, vifuko hubaki vimefumba. Jua likipanda na hewa ikakauka, ngozi ya kifuko hupoteza maji, hujikunja, hupasuka, na upepo unaopita huchukua kilichomo. Ndiyo maana asubuhi yenye ukungu huwa na nafuu, na kuanzia saa tatu au saa nne hali hugeuka. Mchana ardhi ikishika joto, hewa hupanda na chembe hupanda nayo. Jioni hewa inapoa, nazo zinashuka tena, kwa hiyo usidhani kwamba usiku ni salama kulala madirisha wazi.

Sasa nisikilizeni kuhusu mvua, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Manyunyu ya kutwa nzima huosha hewa, na siku hiyo mwenye mzio hupumua vizuri. Lakini mashada yaliyofumba kwa unyevu bado yako mtini, yanangoja. Mvua ikikatika, siku ya pili au ya tatu mbingu inatakata, jua linawaka, upepo unavuma wa wastani, na vifuko vilivyochelewa hupasuka kwa pamoja. Ndiyo siku ambayo vijana hukimbilia uwanjani kucheza mpira na kina mama hufungua nyumba ipigwe na hewa. Kwa mwenye pumu, hakuna siku mbaya kuliko hiyo nzuri. Kama kuna jambo moja tu mtakalolishika katika haya yote, lishikeni hili.

Msinione mzee anayetia chumvi. Machi 29, 2025 hewa ya Atlanta ilipimwa ikakutwa na chembe 14,801 katika mita moja ya ujazo. Rekodi iliyotangulia, ya Machi 2012, ilikuwa 9,369. Na wapimaji wa nchi hii wakishakuta chembe 1,500 za miti, tayari wanahesabu kuwa ni kiwango cha juu kabisa.

Mvua ya radi ina mambo yake. Upepo baridi unaoitangulia hukusanya chavua na kuisukuma chini, usawa wa pua zetu. Chembe zikinywa maji hupasuka, zikatoa vipande vidogo mno ambavyo pua haiwezi kuvizuia, vikaingia hadi ndani ya mapafu. Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya namna hii iliua watu 10; chavua yenyewe ilikuwa ya nyasi, lakini njia ni ileile. Hapa Atlanta utafiti wa kumbukumbu za hospitali ulionyesha wagonjwa wa pumu wakiongezeka kwa takriban asilimia 3 siku inayofuata mvua ya radi. Ukisikia ngurumo wakati wa msimu, ingia ndani na ufunge madirisha kabla tone la kwanza halijaanguka.

Ule unga wa njano utakaoukuta juu ya gari ni wa msonobari. Chembe zake ni kubwa, zina vifuko viwili vya hewa vya kuzibeba, na mara chache sana humletea mtu mzio. Unaokuumiza ni ule wa mwaloni, ambao huuoni. Basi kuosha gari hakutakuponya.

Vijana hunijibu, "Mzee, mimi sina shida hiyo." Huenda ni kweli mwaka huu. Mwili mara nyingi huhitaji misimu kadhaa kabla haujaanza kuikataa chavua ngeni, na wageni wengi huanza kuugua wakiwa wameshazoea maisha ya huku. Ikikufika, usiseme ni homa tu. Nenda kliniki, na nenda mapema, kwa sababu kati ya 1990 na 2018 msimu wa chavua Amerika Kaskazini ulisogea ukawa unaanza takriban siku 20 kabla ya ilivyokuwa. Ninyi mnaofanya zamu za usiku kwenye viwanda vya kuku na kurudi mkiendesha gari alfajiri, mwambieni mfamasia kazi yenu, maana dawa za mzio za aina ya zamani huleta usingizi mzito. Nguo na mitandio msianike nje Machi na Aprili; anikeni ndani. Ogeni na kuosha nywele kabla ya kulala, mto usigeuke ghala la chavua.

Na mwenye mtoto wa pumu, mwombe daktari ajaze fomu ya mpango wa pumu, uipeleke shuleni pamoja na dawa ya kuvuta kabla Februari haijaisha. Mwonyeshe mwalimu jina la mtoto kwenye dawa, na umuulize itawekwa wapi.