Nje ya Muda

Watu wakitaja Lushoto huwaza baridi, kabichi, mafyulisi na ukungu wa asubuhi. Husahau kwamba wilaya hii ina upande wa chini. Ukishuka kaskazini kuelekea Mnazi na Lunguza, milima inakatika ghafla na unajikuta nyikani, kwenye joto na mashamba ya bonde la Umba, na mbele yako Mkomazi. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na mwaka 2008 ikawa Hifadhi ya Taifa. Tembo hawakuitwa kwenye mkutano wa mipaka. Hutoka, hula mahindi, na kuna usiku hukutana na mtu aliyekwenda kulinda shamba lake.

Mtu huyo akifa, serikali ina kitu cha kuwapa wafiwa. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kinampa waziri mamlaka ya kupanga malipo, na kanuni zilizotoka mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo. Malipo hayo ni kifuta machozi. Sheria haikuyaita fidia, na haikukosea: fidia ni deni na mwenye deni hudaiwa, ila kifuta machozi ni hisani yenye fomu. Tena ni hisani yenye mipaka. Kwa upande wa mazao, kanuni hizo zilisema shamba lililo ndani ya meta 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi, na ekari zinazozidi tano hazihesabiwi. Kwa upande wa kifo, taarifa inatakiwa ifike kijijini na kwa afisa wanyamapori upesi, aje aone, apime na aandike.

Hapo kwenye upesi ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tuseme marehemu ameacha mke, na mke huyo, kama wengi katika milima hii ya Usambara, ni Mwislamu. Anaingia eda, miezi minne na siku kumi, na kwa muda huo hatoki nyumbani ila kwa dharura. Mambo ya nje yanashikwa na wanaume wa ukoo: shemeji, baba mkubwa, pengine kijana mkubwa kama yupo. Nani awe msimamizi wa mirathi huamuliwa kwenye kikao cha ukoo, na kikao hicho mara nyingi hungoja arobaini ipite. Kisha muhtasari wa kikao upelekwe mahakama ya mwanzo, tangazo libandikwe, watu wapewe nafasi ya kupinga. Cheti cha kifo nacho kina safari yake, kwa kuwa aliyefia shambani hana karatasi ya hospitali. Kila karatasi inasubiri nyingine. Nimewasikia watu wa ofisini wakisema mjane alikuwa na muda wa kutosha. Wamehesabu siku za kalenda. Siku ambazo yeye mwenyewe angeweza kunyanyuka, kupanda gari hadi Lushoto na kusimama mbele ya meza ya mtu, hawakuzihesabu, na zingekuwa chache mno.

Penye fidia hasa hali ni nzuri zaidi, na haki isemwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko wa WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015, na dai linatakiwa liletwe ndani ya miezi 12. Mwaka mzima ni muda wa kiungwana. Arobaini inapita, eda inaisha, na bado kuna nafasi ya kutafuta vyeti. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai cha Mponde akifia kazini, wategemezi wake wana sheria ya kushika na pensheni ya kutarajia. (Kiwanda chenyewe, kwa mzunguko wa ajabu kidogo, kiko mikononi mwa WCF hiyohiyo na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma.) Lakini aliyekuwa akilinda mahindi yake hana mwajiri. Wanaume wawili wa milima ileile, wote wamekufa wakitafuta riziki, na wafiwa wa mmoja wameachiwa mwaka wa kudai pensheni huku wa mwingine wakiachiwa siku za kudai hisani.

Mambo yakifika mahakamani, swali linabadilika sura. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inaagiza shauri lililoletwa nje ya muda litupwe hata kama upande wa pili haukulalamika. Anayetaka kuongezewa muda lazima aonyeshe sababu za msingi. Katika shauri la kampuni ya Lyamuya Construction, ombi namba 2 la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilitaja vipimo: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kumepitiliza, aonyeshe bidii na si uzembe. Uamuzi baada ya uamuzi umerudia kwamba kila siku itolewe hesabu, hata ikiwa moja. Kutojua sheria si sababu. Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Majaji wameijibu mara nyingi kwamba ukomo si jambo la kiufundi tu.

Lushoto ndiko kiliko Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Huko vijana watakaokuwa makarani na maofisa wa mahakama zetu hufundishwa kazi yao, na kuhesabu siku ni sehemu ya kazi hiyo. Siwalaumu. Karani anayepokea nyaraka hawezi kuwa na huruma tofauti kwa kila anayefika dirishani. Akianza hivyo, mwenye jamaa ofisini ndiye atakayehurumiwa kwanza.

Tena ukomo una utetezi wake, na si wa kupuuza. Nyayo za tembo hufutwa na mvua moja. Shahidi huhamia Tanga au Dar es Salaam. Wapo pia, tusijidanganye, wanaoweza kumfanya marehemu wa maradhi awe marehemu wa tembo, baada ya miaka miwili kupita na hakuna wa kuwabishia. Na mfuko ambao madai yake hayana mwisho haupangiki bajeti.

Ila utetezi wote huo unahusu ushahidi. Unauliza kama ukweli bado unaweza kujulikana. Hesabu ya siku mojamoja inauliza jambo jingine kabisa: mjane alikuwa wapi Jumanne ile? Kifo kinaweza kuwa kimethibitishwa na afisa, mtendaji wa kijiji na mashahidi kumi, kisha dai likafa kwa Jumanne hiyo.

Waingereza waliwahi kulazimika kulichagua swali la kwanza, na somo lilitoka Kenya. Wazee wa Mau Mau waliposhtaki London kwa mateso ya miaka ya 1950, serikali ya Uingereza ilisema muda umepita zamani. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliwaruhusu waendelee, kwa kuwa nyaraka zilikuwa nyingi kiasi cha kufanya kesi ya haki iwezekane, na baadhi zilikuwa zimefichwa na serikali ileile kwa miongo. Mwaka uliofuata wakapatana: pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walikuja nyuma yao na shauri jingine, na mwaka 2018 likaanguka, jaji akiona baada ya muda wote ule kesi ya haki haiwezekani tena. Kwa hiyo swali hilo si la kumpendelea mdai. Linaweza kumwangusha pia. Lakini likimwangusha, linamwangusha kwa sababu inayohusu lile jambo alilolileta.

Na sheria yetu si ngeni kwa huruma ya namna hiyo. Sheria hiyohiyo ya Ukomo haimhesabii muda mtoto mdogo wala mtu mwenye ugonjwa wa akili, kwa kutambua kwamba zipo siku ambazo mtu anazo asiweze kuzitumia. Sioni kwa nini orodha iishie hapo. Eda ina mwanzo na mwisho unaojulikana; haihitaji daktari wala kiapo, tarehe ya kifo yatosha.

Wasambaa wana hadithi inayonijia kila nikifikiri mambo haya. Mbegha, aliyeanzisha ukoo wa watawala wa Wakilindi, alifika milimani akiwa mwindaji. Aliua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, akaua simba, wakamkalisha Vuga kuwa mtawala wao. Wanahistoria wabishane ni kiasi gani cha hayo kilitokea. Kwa simulizi hiyo, utawala ulipewa heshima milimani kwa kuwa uliwaondolea watu mnyama shambani. Leo mnyama ni mali ya umma, na nina furaha yupo. Utalii wake unatulipa sote. Mjane wa aliyelipa kwa maisha asigeuzwe mwombaji aliyechelewa foleni.

Na foleni yenyewe ina saa mbili, ya mwananchi na ya serikali. Mwananchi anayetaka kuishtaki serikali lazima kwanza aipe taarifa ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa mtu wa Mnazi iko Tanga mjini. Siku 90 hizo ni za serikali kujiandaa, ingawa ina mawakili wa mshahara na haiko msibani. Wakati huohuo wabunge wa maeneo yanayopakana na hifadhi husimama bungeni mwaka hadi mwaka kuuliza kifuta machozi cha watu wao kitalipwa lini. Mimi ningeanzia kwenye malipo hayo: fomu ya dai igongwe muhuri wa tarehe siku inapopokelewa, na ofisi ikipitisha muda wa kulipa, iandike maelezo ya kila siku iliyochelewa, kisha mtendaji ayabandike kwenye ubao wa kijiji.