Sarufi Haina Kesi

Wapo vijana wenzangu hapa Kariakoo, kwenye vijiwe vya kahawa, wanaodai kuwa Mwarabu anamweka mwanamke nyuma kwa sababu lugha yake yenyewe imeshamweka nyuma. Eti sarufi ndiyo mchawi. Hoja inanoga, lakini tuipime.

Ni kweli, Kiarabu kinagawa majina: la kiume na la kike. Hata "yeye" ni mawili, huwa na hiya. Wanawake mia wakiwa wamekaa, akiingia mwanamume mmoja, kisarufi kundi zima linageuka la kiume. Hapo lazima mtu aulize. Lakini katika Kiarabu hichohicho jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Na neno khalifa, cheo cha wanaume, lina umbo la kike. Sasa sarufi inampendelea nani?

Sisi tulipoyachukua maneno yao, jinsia tuliiacha bandarini. Wao wana muallim na muallima. Sisi tuna mwalimu tu, avae suruali au gauni. Katibu, waziri na rais ni vivyo hivyo. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, "Rais amesema" ilibaki ileile. Kiajemi nacho kina "yeye" mmoja tu, lakini baada ya mapinduzi ya 1979 wanawake wa Iran walilazimishwa kisheria kufunika nywele.

Je, kiambishi "a-" kimemkomboa mwanamke wetu? Jamani! Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa: mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Dada aseme "nimemwoa Juma" uone kijiwe kitakavyocheka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana, 15 kwa msichana. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Msichana wa miaka 15 hakuozwa na sarufi. Aliozwa na watu.

Tena lugha yetu ina neno "kuoana", ambamo wote wawili ni watenda. Mlango uko wazi, sisi ndio hatupiti.

Ndiyo maana suala hili linatuhusu sisi tunaoota kuandika riwaya. Nikiandika: "Fundi alishuka daladala Msimbazi, akafungua sanduku la vifaa," umemwona nani? Mwanamume, si ndiyo? "A-" haikusema hivyo. Umesema wewe, ndugu msomaji, na mimi nikakuachia.

Wenzangu wenye kalamu, tusijifiche nyuma ya viambishi. Kabla ya kumhukumu Mwarabu kwa huwa na hiya zake, tuzifungue hadithi zetu wenyewe. Tuangalie nani tunampa kitenzi cha kutenda, na nani tunamwachia kutendwa tu.