Ubia wa Mume na Mke

Ndoa ni ubia usio na daftari, na biashara ni ubia usioweza kudumu bila ya daftari. Mume na mke wanapoazimia kuanzisha kampuni pamoja, kanuni hizi mbili huingia katika nyumba moja, na swali lenye uzito ni ipi kati yake itakayoitii nyingine. Watu wengi hupenda kuuliza kwanza kama biashara ya namna hiyo yaweza kufanikiwa. Swali hilo ni jepesi, na jibu lake limekwisha kupatikana zamani. Bibi Khadija binti Khuwaylid alimtuma Muhammad kwenda Shamu na mali yake kabla hajawa mumewe, na ndoa yao ilitanguliwa na amana iliyorudi na faida. Tabitha Karanja na mumewe Joseph walianzisha kiwanda cha Keroche huko Naivasha, Kenya, mwaka 1997, wakashindana na wenye nguvu kuliko wao. Na Bibi huyo akachaguliwa kuwa Seneta wa Nakuru mwaka 2022. Katika mji wa Mainz, Ujerumani, Uğur Şahin na mkewe Özlem Türeci walianzisha BioNTech pamoja na mwenzao mwaka 2008, na chanjo ya korona iliyotoka kwao mwaka 2020 iliingia katika miili ya mamilioni ya watu. Basi mambo hayo yawezekana. Lililo gumu si faida bali haki.

Na tutazame Bunju, maana mizani ya haki hupimika vizuri zaidi katika vitu vidogo. Bunju ipo ukingoni mwa Kinondoni, kaskazini, katika barabara ya Bagamoyo, baada ya kupita Tegeta na Boko. Waliohamia huko aghalabu walikwenda kutafuta kiwanja wasichoweza kukipata mjini, na nyuma ya nyumba nyingi pana banda la kuku. Tuseme mume na mke wa huko wamebuni kampuni changa: wanakusanya mayai na kuku wa majirani, wanapokea maagizo ya hoteli na migahawa kwa simu, na wanayapeleka mjini kwa bajaji. Mume ndiye mjuzi wa kuunda programu ya maagizo. Mke ni mwalimu. Ndiye ajuaye kuku, na ndiye ambaye wafugaji humwamini kumkopesha mayai. Kwa miaka miwili kampuni haimlipi mtu yeyote, na mshahara wa ualimu ndio unaonunua unga, mafuta, sare za watoto na hata vocha za simu za kampuni yenyewe.

Siku ya kuandikisha kampuni, mume huenda peke yake, kwa kuwa mke yuko darasani. Hisa zote ila moja huandikwa kwa jina lake. Lipa namba huunganishwa na simu yake. Hakuna aliyekusudia dhuluma. Walichagua njia iliyokuwa karibu. Walakini, tangu siku hiyo kila shilingi iingiapo hulia mfukoni mwa mtu mmoja, na mwenzake hana budi kuuliza kwa upole kiasi kilichoingia. Hii ndiyo dhuluma ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote kuondolewa, kwa sababu haina mwizi.

Yumkini msomaji atasema: kuna haja gani ya kuandikiana, nasi tu kitu kimoja? Hoja hiyo ina uzuri wake, wala haifai kudharauliwa. Mapenzi hayahesabu. Mke anayeandika kila sahani aliyoosha, na mume anayeandika kila usiku aliokesha na mtoto mgonjwa, wamekwisha kuacha kuwa mume na mke. Lakini maneno "tu kitu kimoja" yakiingia sokoni hutakiwa kuwa na jina, na jina hilo aghalabu huwa la mmoja. Kwa miaka mingi sheria ya makampuni ya nchi yetu ilitaka waanzilishi wasiopungua wawili, na wanaume wengi waliandika majina ya wake zao kwa hisa moja tu ili idadi itimie. Mke alikuwamo katika hati kama jiwe la kuzuia karatasi isipeperuke.

Kadhalika, hofu ya kwamba maandishi huleta shaka haina msingi mkubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni, na waliohutubiwa ni waumini, watu ambao wangetazamiwa kuaminiana. Wazee nao walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona kuwa mume na mke wanaohesabu dukani hupata ruhusa ya kutohesabu jikoni. Wasiohesabu dukani huanza, polepole na kwa siri, kuhesabu kila mahali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki sawa na mumewe ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Lakini sheria hiyohiyo hudhani kuwa mali iliyo katika jina la mmoja ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine, na iliyo katika majina ya wote wawili ni yao kwa usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ijapokuwa mama huyo mwenyewe hakuongezewa kitu. Hukumu hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo mchango wa namna hiyo hupimwa nyumba ikishavunjika, na mwalimu wetu wa Bunju hatazamii kuvunja nyumba. Anataka kujua leo kama yeye ni mbia au msaidizi.

Husemwa pia kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo lazima mmoja awe mkubwa. Mimi nakubali kuwa kauli ya mwisho lazima iwepo. Sikubali kuwa lazima ikae kinywani mwa mtu yuleyule kwa mambo yote. Katika bei ya kuku na uaminifu wa mfugaji, kauli iwe ya anayemjua mfugaji. Dereva wa bajaji akimsikia Bwana akiitangua amri ya Bibi mbele ya mteja, kesho ataitangua yeye mwenyewe.

Shida hujitokeza zaidi mdondo uingiapo mabandani. Kampuni huhitaji mkopo, na rehani iliyopo ni nyumba. Sheria hutaka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, na shabaha yake ni kumkinga mke na mume aliye mzembe. Lakini ni ridhaa gani aitoayo mke ambaye mkopaji ni mumewe, kampuni ni kazi yake mwenyewe, na kukataa kwake ni kuiua kampuni hiyo? Saini yake i huru kwa sheria tu. Kama angekuwa na nusu ya hisa, angeingia katika hatari hiyo kama mwenye kuchagua.

Tena kuna kifo. Mume akifa, zile hisa zilizo katika jina lake huwa mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hali yake ni dhaifu kuliko hiyo. Hisa zilizo katika jina lake mwenyewe hazimo katika mgawanyo huo hata kidogo. Mashemeji watakuja na msiba utakaliwa, kisha katika mkutano wa ukoo simu yenye lipa namba itawekwa juu ya mkeka, na mtu atauliza ni ya nani. Nje wafugaji waliokopesha mayai yao wiki ile watakuwa wanangoja kumjua wa kuwalipa.