Ondoeni Majembe Kwenye Chanzo

Ndugu zangu mnaolima miteremko ya Uluguru, nanyi mnaofungua bomba Dar es Salaam, nisikilizeni. Maji ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yanatoka mto Ruvu, na Ruvu inazaliwa huku kwetu, kwenye maji ya Mgeta, Mfizigo na Mvuha.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia jinsi Wafilisti walivyofukia kwa udongo visima vya Ibrahimu. Wale walifanya kwa husuda. Sisi tunajifukia wenyewe! Tunafyeka mpaka kwenye jicho la maji, tunawasha moto mlimani wakati wa kiangazi, tunalima matuta yanayoteremka na mlima. Masika yakija yanaikuta ardhi iko uchi. Mvua haizami, inakimbia na udongo wetu, na ifikapo Oktoba kijito kimekauka.

Na hizi dawa! Nendeni kijitoni jioni baada ya kabichi kupuliziwa. Bomba la mgongoni linasuuzwa papo hapo, povu jeupe linateremka, kichupa kimeachwa juu ya jiwe. Hatua chache chini, binti anakinga ndoo. Utamwambia nini mama yake? Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza hata kukojoa katika maji yaliyotuama, itakuwaje kwa sumu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu kingo za mto ndani ya mita 60. Najua mtanijibu kwamba shamba ni dogo na watoto wanataka kula. Najua pia kwamba mwaka 1955 wazee wetu waligoma kuchimba matuta ya ngazi kwa amri ya mkoloni, na uchungu ule haujaisha milimani. Walikuwa na haki, kwa maana walishurutishwa. Leo anayekuomba ni jirani yako wa bondeni, anayekunywa unachomwachia.

Nawe wa mjini, usimtwishe mkulima mzigo peke yake. Anayeacha ukingo bila kulima amepoteza magunia, na watoto wake wanataka ada. Huku kwetu Uluguru, Kibungo Juu, wakulima waliwahi kulipwa kwa kuhifadhi udongo na kupanda miti. Kwa nini isiwe hivyo mlima mzima? Mwulize mbunge wako, mwulize diwani wako, wala usikubali kujibiwa kwa ahadi.

Basi, kabla masika hayajaanza, ng'oeni magimbi na mboga kwenye kingo. Pandeni mikuyu, wala msipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana inakunywa bila kushiba. Bomba la dawa lisuuzwe shambani na maji yake yamwagwe humo humo, mbali na kijito. Kamati ya maji ya kijiji iitishe mkutano wiki hii, Wakristo na Waislamu, wenye mashamba na wasio nayo. Mimi nitakuja na kamba ya kupimia mita 60, tuanzie chemchemi ya juu kabisa. Nani mwingine anakuja?