Spiriti Mikononi mwa Muuguzi Mwislamu

Muuguzi mmoja aliyesilimu karibuni, afanyaye kazi upande wa Mwadui, ameuliza: Je, Mwislamu aweza kupaka mikononi dawa iliyotengenezwa kwa alkoholi, kisha asimame katika Sala? Tangu asilimu huikwepa chupa ile, na wagonjwa wanapokuwa wengi hapati nafasi ya kwenda bombani kila mara.

Ndugu msomaji, swali hili si la sheria peke yake, maana nyuma yake wamo wagonjwa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimwagiza aamkaye usingizini asitie mkono katika chombo cha maji kabla ya kuuosha, kwa kuwa hajui ulikuwa wapi usiku. Muuguzi naye, atokapo kitanda kimoja kwenda kingine, hajui mkono wake umechukua nini.

Katika hospitali kuu ya Geneva, Uswisi, Profesa Didier Pittet na wenzake waliweka dawa hii kando ya vitanda na kuwafundisha watumishi. Tangu 1994 hadi 1997 utakasaji wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Nayo maambukizo ya hospitalini, yaliyokuwa asilimia 16.9 mwaka 1994, yalikuwa 9.9 mwaka 1998. Siri yake kubwa ni wepesi: sekunde 20 hadi 30 za kusugua mpaka mikono ikauke, bila kutafuta beseni wala taulo.

Alkoholi ya asilimia 60 hadi 80 huharibu protini za vijidudu na utando wao wa mafuta. (La ajabu ni kwamba alkoholi tupu ni dhaifu zaidi, bila maji haitimizi kazi yake.) Virusi vya Marburg, vilivyoua watu 6 mkoani Kagera mwaka 2023, na 10 mwaka 2025 huko Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wa Geita, vina utando wa namna hiyo.

Lakini dawa hii ina mipaka. Mikono yenye damu, usaha au uchafu uonekanao sharti ioshwe kwa maji na sabuni. Kadhalika ziko bakteria za kuharisha, kama Clostridioides difficile, ambazo hujifunika kwa gamba gumu lisilopenywa na alkoholi. Hapo pia ni maji na sabuni.

Sasa tutazame sheria. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, inakiri kwamba pombe ina manufaa pia, ila dhambi yake ni kubwa zaidi. Kinachokatazwa ni ulevi unaoondoa akili na Sala. Ni kweli wapo wanazuoni waliohesabu pombe kuwa najisi. Lakini baraza la mafakihi lililokutana Makka Januari 2002 liliruhusu alkoholi kutumika nje ya mwili kwa kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Rai yetu ni hiyo hiyo. Anywaye dawa hiyo ndiye aingiaye katika haramu, na hatari pia: mwaka 2020 huko Marekani walikufa watu waliokunywa vitakasa mikono vilivyokuwa na methanoli.

Basi dada yetu aitumie bila wasiwasi. Dawa ikikauka, udhu wake haukuvunjika kwa sababu yake. Ikiwa mikono yake imepatwa na damu ya mgonjwa, aioshe kwanza, kisha aende kusali.