Joho la Paulo na Ndoo ya Dada Yangu



Wiki hii nataka tuulizane swali ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa: zawadi ninayompelekea mgonjwa ni ya nani? Utasema ni ya mgonjwa, si yeye ndiye anayepokea? Hata mimi ningejibu hivyo. Lakini sikiliza kwanza yaliyonipata.

Mapema mwaka huu dada yangu mkubwa alianza matibabu ya saratani ya matiti. Alipomaliza awamu ya pili ya kemo, zile dawa za saratani anazowekewa kwa dripu, nikajipanga kwenda kumwona. Na sikuenda mikono mitupu. Nilinunua shada la maua, chupa ya losheni yenye manukato mazuri, kuku wa kukaanga na katoni ya soda baridi. Nikachukua na watu saba wa ushirika wetu wa nyumbani. Tukaimba, tukaomba kwa sauti kuu karibu saa nzima, tukala, tukapiga picha. Nikirudi nyumbani nilijisikia vizuri sana. Nikajiambia, leo nimefanya kazi ya Mungu.

Jioni mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, mama anasema asanteni kwa kuja. Lakini tafadhali, siku nyingine msilete kuku. Tangu muondoke anatapika tu." Losheni ilikuwa imetolewa nje kwa sababu ya harufu. Soda ilimchoma vidonda vya mdomoni. Maua alipewa jirani.

Baada ya wiki mbili nikarudi, safari hii peke yangu. Nikamuuliza, "Dada, niambie ukweli. Siku ile ulikuwa unahitaji nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Ndoo, ndugu yangu. Ndoo yenye kifuniko."

Choo chao kiko nje, mwisho wa ploti. Usiku dawa zikimgeuza tumbo, miguu haina nguvu ya kufika huko. Alikuwa akitumia sufuria kuukuu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningeanzaje kuwaambia watu wa Mungu waniletee ndoo? Nyinyi mlikuja na maua."

Kumbe maua yangu yalimfunga mdomo! Kabla hajasema lolote, zawadi niliyoichagua mimi ilikuwa imeshamwambia ni shida zipi zinaweza kutajwa mbele yetu na zipi ni za kuficha.

Tukifungua waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, tunamkuta mtume Paulo kifungoni. Anajua siku zake zimekaribia kwisha. Ameshasema habari za mwendo alioumaliza na taji inayomngoja. Halafu, katika mstari wa 13, anaomba joho lake. Aliliacha Troa kwa Karpo, na anamtaka Timotheo alilete pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mbele kidogo anamhimiza ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima, aliyepanda makanisa mji baada ya mji, anaogopa baridi, na haoni aibu kusema.

Mimi ningekuwa Timotheo, nadhani ningenunua joho jipya la bei, nije na kwaya. Lakini Paulo hakuomba joho jipya. Aliomba lile. Kazi ya Timotheo ilikuwa kupita Troa, kulichukua na kulibeba njia nzima. Hapo hakuna ubunifu wala sifa kwa mbebaji. Kuna mtu mmoja tu ambaye usiku hatatetemeka.

Tulipozungumza jambo hili kwenye ushirika, ndugu mmoja aliuliza swali ambalo sitaki kulipita haraka. Alisema, "Sisi ni watu wa imani. Tukimpelekea mgonjwa ndoo na kitambaa cha kichwa, si ni kama tunakiri kwamba atatapika na nywele zitaanguka?" Namheshimu kwa swali hilo. Anaogopa kutamka mabaya juu ya mtu anayempenda.

Lakini turudi kwenye sura hiyohiyo. Katika mstari wa 20 Paulo anasema alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Huyu ni Paulo yuleyule ambaye, katika Matendo sura ya 19, leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Na hapa amemwacha mwenzake kitandani, wala hasemi Trofimo alikosa imani. Katika waraka wa kwanza alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yanayomrudia. Kwa Paulo, kuomba uponyaji na kushughulikia tumbo la mtu havikugombana. Naye Yakobo, sura ya 2, anatuuliza inafaa nini kumwambia mwenye baridi na njaa aende kwa amani, bila kumpa mahitaji ya mwili. Basi tuombe kwa imani yote, na usiku huohuo tupeleke ndoo. Kanisa linalohubiri habari za leso za Paulo lisione haya kumpelekea mgonjwa leso ya kujifunika.

Sasa, ili tusaidie vizuri, tuelewe mwili unapitia nini. Dawa nyingi za kemo huua chembe zinazogawanyika upesi. Chembe za saratani ziko hivyo, lakini hata mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomoni na tumboni, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele huanguka, mdomo hupata vidonda, na kinga ya mwili hushuka. Hapo mswaki laini unakuwa zawadi. Vijiko vya mbao au plastiki vinakuwa zawadi, kwa sababu kuna wanaosikia ladha ya chuma katika kila wanachokula. Mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato, kofia laini ya pamba, soksi nzito za kuvaa kwenye kile kiti cha dripu ambapo mtu hukaa saa nyingi, daftari la kuandikia maswali ya daktari, vyote hivyo vina kazi.

Zawadi moja ndogo inaweza kuokoa maisha: kipimajoto. Chembe nyeupe za damu mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Wakati huo homa ya nyuzi 38 si ya kumeza tembe na kusubiri kukuche. Ni ya kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Kwa sababu hiyohiyo wadi nyingi za saratani haziruhusu maua mabichi, maana maji na udongo wake hubeba viini. Na kwa sababu hiyohiyo ukiwa na mafua, zawadi yako kubwa ni kukaa nyumbani na kupiga simu. Nikikumbuka wale watu saba tuliojazana kwenye chumba kimoja na dada yangu, najisikia vibaya.

Lakini usikimbie sokoni na orodha hiyo, maana utafanya kosa langu kwa njia nyingine. Wagonjwa hawafanani, na dawa hazifanani. Mwenye vidonda vya mdomoni anaweza kutamani kipande cha barafu. Mwingine anayetibiwa saratani ya utumbo kwa dawa iitwayo oksaliplatini, kitu baridi kikimgusa vidole au koo anaweza kusikia kama anachomwa. Barafu ni ileile. Kwa huyu ni baraka, kwa yule ni mateso. Utajuaje bila kuuliza?

Bwana wetu aliuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu pale Yeriko aliona. Bado Yesu alitaka kusikia kwa kinywa chake mwenyewe anataka afanyiwe nini. Ila angalia, katika Marko sura ya 10, kwamba kabla ya kuuliza alisimama, akaagiza aitwe. Aliuliza akiwa tayari kutenda.

Sisi tuna swali letu lingine: "Ukihitaji kitu chochote, niambie." Linasikika kama upendo, lakini linamwachia mgonjwa kazi yote. Afikiri, achague, ashinde aibu, kisha apige simu. Nilimwambia dada yangu maneno hayo mara nyingi, na hakunipigia hata siku moja. Siku hizi namwambia, "Jumanne saa nne nakuja na uji. Nilete wa wimbi au wa mahindi? Nikiwa huko nikufulie shuka?" Ni swali dogo, lenye siku na saa, analoweza kujibu kwa neno moja. Hata neno hilo likiwa "hapana." Na hapana yake tuipokee bila kununa, kwa sababu ugonjwa umeshamnyang'anya nafasi nyingi za kuamua mambo yake.

Kuna zawadi nyingine ambazo ni lazima nizitaje. Dada yangu aliletewa chupa ya mitishamba na mtu anayempenda kweli. Lakini mimea mingine hubadilisha jinsi mwili unavyotumia dawa za hospitali, kwa hiyo daktari lazima ajue kabla mgonjwa hajaonja. Wengine huleta mafuta ya upako, na hilo ni jema, Yakobo sura ya 5 inatufundisha. Ila mafuta yakija na sharti la kuacha matibabu, hiyo tena si zawadi. Kipimo changu ni hiki: nikiwa nimekosea, nani atalipa? Akizidiwa, ataambiwa hakuwa na imani, huku aliyemshauri amelala kwake salama. Tusimpe mgonjwa kitu ambacho gharama ya kosa letu italipwa na mwili wake.

Na tusifikirie vitu tu. Tiba ya mionzi mara nyingi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mashine zake ziko katika miji michache. Mtu wa kijijini anahitaji nauli na mahali pa kulala. Wewe unayeishi Nairobi au Eldoret, kitanda kimoja nyumbani kwako kwa mwezi mmoja kinaweza kumwezesha mtu kumaliza tiba badala ya kuikatiza. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na wasio na mwajiri hujilipia mchango wao. Mwulize mgonjwa kwa upole kama wake umelipwa. Harambee ni nzuri, lakini mara nyingi tunaiitisha bili ikiwa imeshapanda mlima.

Halafu kuna damu. Kemo hupunguza damu, na wagonjwa wengine huongezewa. Zile chembe zinazogandisha damu huhifadhiwa kwa muda wa siku 5 hivi tu, kwa hiyo watoaji wanahitajika kila wakati, si siku ya tangazo pekee. Tunaimba juu ya damu kila Jumapili. Ni wangapi kati yetu tumewahi kunyoosha mkono tukatoa yetu?

Nirudi kwa dada yangu. Ndoo niliinunua sokoni, ya buluu, na kifuniko chake. Niliibeba kwenye matatu nimeipakata, na hakuna aliyenisifu. Hatukupiga picha. Nilipomkabidhi aliiweka chini ya kitanda, akasema, "Keti basi." Tukakaa. Akanisimulia mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu: anavyoogopa usiku, anavyoona aibu binti yake akimwosha, anavyomwomba Mungu na wakati mwingine kukosa maneno. Siku ya maua hakuniambia hata moja.

Sisemi kwamba furaha ya mtoaji ni dhambi. Maandiko yanasema Mungu humpenda anayetoa kwa moyo wa furaha. Lakini nimejifunza kwamba furaha yangu inaweza kusubiri zamu yake. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nimejaa mimi, na dada yangu akabaki anatapika. Kama zawadi imenijaza mimi na kumwacha mgonjwa na kazi ya kunishukuru, basi ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Dada amebakisha awamu mbili, kisha mionzi. Tunaendelea kumwomba Bwana amponye, na nawasihi muungane nasi. Na wiki hii, kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja aliye kwenye matibabu. Usimwambie "ukihitaji, niambie." Mpe siku, mpe saa, muulize swali dogo, kisha ulete kile alichosema, hata kama ni kitu cha kukubeza mbele za watu.

Mimi Jumanne naenda na uji. Amesema wa wimbi, bila sukari.